"Imelemazwa" au "Imezuiwa"? Kuhusu Istilahi za Chaneli za Mtandao Usiotumia Waya

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kuenea kabla ya kuchujwa, kitenzi "kulemaza" chastahili kuangaliwa upya. Tuchukue mfano wa mfumo wa Linux. Programu-endeshi ya kifaa cha redio (nakwepa "kiendeshi", kwani neno hilo limekwisha kupewa diski) huorodhesha chaneli ambazo kifaa kinaziweza. Katika bendi ya gigahezi 2.4 orodha hiyo huweza kufika chaneli 14, ya kwanza ikiwa kwenye megahezi 2412. Kisha mfumo huilinganisha orodha na jedwali la kanuni za redio za nchi mbalimbali, kwa kufuata alama ya herufi mbili kama vile TZ au KE. Alama ikiwa ni ya Marekani, chaneli ya 12, 13 na 14 hubaki orodhani, lakini hubandikwa neno ambalo baadhi ya wafasiri hulitoa kuwa "imelemazwa".

Neno hili halifai. Kulemaza ni kutia kilema. Mwalimu anayeliunganisha darasa lake na mtandao akilisoma atadhani kifaa kimeharibika, akipeleke kwa fundi au aombe fedha za kununua kingine, ilhali kifaa ni kizima na kilichozuia ni kanuni. Pengine ya nchi asiyoishi, kwa kuwa alama iliyowekwa si ya kwao. "Imezuiwa" latosha, nalo humfanya msomaji aulize ni nani aliyezuia.

Alama ya pili ina ugumu zaidi. Zamani zilikuwa mbili: moja iliagiza kutafuta mitandao kwa kusikiliza tu, nyingine ilikataza vifaa kuunda mtandao wao pasipo kituo. Mwaka 2013 ziliunganishwa kuwa moja, yenye maana kwamba kifaa kisiwe cha kwanza kurusha mawimbi. Mfasiri atavutwa na "chaneli ya kusikiliza tu", lakini hiyo ni dhana ya zamani: sasa kifaa kikisikia kituo kinarusha, chaweza kujiunga nacho na kujibu. Napendekeza "chaneli ya kuitikia". Waitikiaji wa ngoma hawaanzi wimbo. Manju akishaanza, hakuna anayewanyamazisha.

"Kikoa cha udhibiti" nacho kiachwe. Kikoa tayari kimelemewa na majina ya intaneti, tusitaje ule ulaji wa zamu wa wazee wetu. "Eneo la kanuni" laeleweka.

Limebaki jina la orodha yenyewe. Ikiitwa "chaneli zinazokubaliwa", afisa anayeandaa zabuni ataisoma kama kibali. Kifaa hutaja uwezo wake tu. Kuruhusu ni kazi ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na kubadili alama ya nchi ndani ya kompyuta hakubadili sheria ya mahali ilipo. Kwa hiyo "chaneli ziwezekanazo" na "chaneli ziruhusiwazo" ziingizwe katika orodha ya istilahi kama vidahizo viwili, kila kimoja na fasili yake.