Msomaji Aliyesahauliwa: Uandishi na Uchapishaji wa Vitabu vya Watoto kwa Kiswahili

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi juu ya ushairi, riwaya na tamthilia, lakini kitabu cha mtoto wamemwachia mkaguzi wa shule. Ni nadra kukuta katika majarida ya vyuo vikuu uhakiki wa hadithi iliyoandikiwa msomaji wa miaka minane au kumi. Hata inapotajwa, hutajwa kwa ajili ya msamiati wake au darasa linalofaa kuisoma, si kwa ajili ya fani yake. Matokeo ya upuuzaji huu ni mazito kuliko yanavyodhaniwa. Mtu mzima asiyesoma riwaya hakuanza kutosoma ukubwani. Alianza siku alipokabidhiwa hadithi yake ya kwanza, akatambua kwamba ni mtihani uliovikwa nguo za hadithi.

Makala haya yanadai kwamba kitabu cha mtoto kwa Kiswahili kimeandikwa, tangu mwanzo wake, kwa kumlenga mtu mzima, na kwamba kasoro zake za fani na matatizo yake ya soko yana chanzo hicho kimoja.

Asili ya tatizo

Mkusanyo wa kwanza mashuhuri wa ngano za Kiswahili uliopigwa chapa ni ule wa mmisionari Edward Steere, uliotolewa London mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya wenyeji wa Unguja. Kiswahili kiliwekwa upande mmoja wa kitabu na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Mpangilio huo wenyewe wamtaja msomaji aliyekusudiwa, naye ni mgeni anayejifunza lugha. Ngano zilizosikilizwa na watoto usiku zikawa mazoezi ya wazee wa kigeni mchana.

Baada ya Kiunguja kuteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, shule zilihitaji vitabu kwa haraka. Pengo likajazwa kwa tafsiri. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati hiyo, alishiriki katika kutafsiri vitabu kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Tafsiri hizo zilikuwa na ufasaha wake, na hadithi zenyewe zilisisimua. Lakini mtoto wa Kiafrika aliyezisoma alijikuta mara nyingi akisafiri katika jahazi la watu wengine.

Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1948, na shirika la East African Publishing House, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965, yaliwafungulia mlango waandishi wenyeji. Hata hivyo, mlango huo ulielekea shuleni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, soko nalo liligawanyika kwa kufuata mipaka na mitaala. Kisha mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa, vitabu viliongezeka kwa wingi. Lugha ilipata heshima iliyostahili. Hadithi, kwa upande wake, ilipata msimamizi wa mtihani.

Kasoro za fani

Hadithi ya watoto ya kawaida katika vitabu vya ziada huanza kwa sentensi ya namna hii: Juma alikuwa mtoto mwenye adabu na bidii, aliyewatii wazazi na walimu wake. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, wala haina hadithi. Juma hajatenda lolote, na hukumu imekwisha kupitishwa. Mtoto anayesoma hana kazi iliyobaki ila kusubiri Juma azawadiwe na mwenzake mtundu aadhibiwe.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Msimulizi wa ngano huendesha matukio kwa kiambishi -ka-: mtu akaondoka, akaenda, akafika. Kiambishi hicho ndicho gurudumu la masimulizi ya Kiswahili. Hukifunga kitendo na kilichotangulia na kumvuta msikilizaji mbele. Mwandishi wa kitabu cha darasa la chini, akiogopa sentensi ndefu, hukata kila tendo peke yake na kulipa -li-: Aliondoka. Alienda. Alifika. Anadhani amerahisisha, kumbe ameondoa kile kilichomwezesha mtoto kufuata. Hali kadhalika tanakali za sauti, takriri na nyimbo, ambazo ndizo zana kuu za fanani, hupunguzwa kana kwamba ni utoto. Jiwe halianguki majini chubwi, bali huanguka tu. Mvua nayo haidondoki ndo ndo ndo, bali hunyesha kwa adabu.

Kasoro ya tatu ni maswali ya ufahamu mwishoni. Fanani huanza kwa kumtaka mtoto aitikie, na mtoto huwa sehemu ya utambaji hadi mwisho. Kitabu hungoja mpaka mwisho ndipo kimgeukie msomaji, nacho humgeukia kumhoji.

Mfano wa Sultani Darai

Tofauti hii yaonekana wazi katika ngano ya Sultani Darai, iliyomo katika mkusanyo wa Steere. Maskini anayechakura jaani aokota themuni, anunua paa, na paa huyo, kwa werevu na ushujaa wake, ampatia mke mtukufu, nyumba na jina la kisultani. Kisha paa anaugua. Anamtuma bibi kizee kwa bwana wake. Bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama, naye anakumbusha kwamba mnyama huyo alimnunua kwa themuni tu. Bibi kizee huenda na kurudi. Ombi ni lile lile, jibu ni lile lile. Mke ndiye anayehuzunika. Paa anakufa, na hatimaye bwana yule anajikuta tena jaani.

Katika kwenda na kurudi kwa bibi kizee ndimo dhamira yote ilimokaa. Kila takriri humwongezea msikilizaji uchungu na matumaini. Anataka safari ya pili iwe tofauti na ya kwanza. Themuni iliyokuwa bahati mwanzoni inageuka kuwa tusi mwishoni. Hakuna haja ya kumwambia mtoto kwamba kusahau fadhila ni kubaya, kwani amekwisha kumchukia bwana yule kwa hiari yake mwenyewe. Mwandishi anayeigeuza ngano hii kuwa kitabu cha shule kwa kufupisha safari za bibi kizee ili kuokoa kurasa, kisha akaongeza aya ya mafunzo, ameutoa moyo akabakiza lebo.

Huenda ikasemwa kwamba ngano za jadi nazo zilifunza maadili, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli kwamba zilifunza. Lakini zilifunza kwa kumwamini msikilizaji, na nyingi huruhusu Sungura mwongo ashinde bila kuomba radhi. Ama kuhusu methali hiyo, yafaa ikumbukwe kwamba samaki anayekunjwa ni samaki aliyekwisha kufa. Aidha, haipendekezwi hapa kwamba waandishi warudie ngano za kale tu. Mtoto wa Kisumu, Machakos au Eastleigh, ambaye huenda Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, ana haki ya kuukuta mtaa wake kitabuni. Kinachotakiwa kurithiwa ni mbinu ya fanani, wala si sungura wake peke yake.

Soko na mnunuzi

Si haki kumlaumu mwandishi peke yake. Mtoto hanunui kitabu. Hununuliwa na mzazi, mwalimu au serikali. Mchapishaji hutazama kwanza kama kitabu kitaidhinishwa na taasisi ya mitaala, kwa sababu kisichoidhinishwa hakiingii darasani. Mwaka 2013 vitabu vilianza kutozwa Kenya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na mzazi mwenye fedha chache akazidi kushikamana na kitabu cha lazima. Kuanzia mwaka 2018 serikali ilijitwalia ununuzi wa vitabu vya kiada na kuvifikisha shuleni moja kwa moja. Hatua hiyo iliwapa wanafunzi wengi vitabu ambavyo hawangevipata. Lakini kiada si ziada, na hadithi ya kusomwa kwa raha imebaki bila mnunuzi wa uhakika.

Mfano wa Tanzania wafaa kuchunguzwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, uliwahakikishia wachapishaji kwamba kwa kila mswada uliochaguliwa, nakala 3,000 kati ya 5,000 zilizopigwa chapa zingenunuliwa na kugawiwa shuleni na maktabani. Mchapishaji alibaki na 2,000 za kuuza mwenyewe. Ubora wa mpango huo haukuwa katika fedha pekee. Kwa kuwa sehemu kubwa ya hasara iliondolewa kabla ya uchapaji, mchapishaji aliweza kumlipa mchoraji na kuthubutu kutoa hadithi isiyofuata muhtasari wa somo. Udhaifu wake ni kwamba ulitegemea msaada wa nje. Hapana sababu ya msingi ya kuzizuia serikali za kaunti, zenye maktaba chini yao, kufanya mpango kama huo kwa kodi za wananchi.

Hitimisho

Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya unasifiwa kwa kumweka mwanafunzi katikati. Huu ni wasaa mwema, lakini mtaala hauandiki hadithi. Waandishi wakiendelea kuandika sentensi za Juma mwenye adabu, jina la mtihani litakuwa limebadilika na kitabu kitabaki kilivyokuwa.

Idara za Kiswahili nazo zina deni. Zinafundisha fasihi simulizi katika chumba kimoja na isimu katika kingine, na mwandishi wa vitabu vya watoto hupita ukumbini bila kuitwa popote. Zikikubali kuvihakiki vitabu hivi kwa vigezo vile vile vinavyotumiwa kwa riwaya, yaani muundo, wahusika, lugha na ukweli wa dhamira, mchapishaji atakuwa na sauti nyingine ya kusikiliza pamoja na ya mkaguzi. Na jaribio la kwanza la kila mswada liwe jepesi: usomwe kwa sauti mbele ya watoto, na msomaji anyamaze kabla ya mwisho. Watoto wasipodai kuambiwa kilichofuata, mswada haujawa kitabu.