Fasili ya "Mnandi"

Kulifasili neno "mnandi" kuwa "ndege wa majini alaye samaki" ni kumwacha msomaji njiani, kwani maneno hayo yawafaa vilevile mwari, buabua na yule ndege aitwaye mbizi. Buabua humwona samaki angali angani, akajitupa majini kichwa mbele, wala hazami sana. Mnandi huanzia juu ya maji akiogelea, mwili umezama nusu. Hujitosa na kumfukuza samaki chini kwa nguvu za miguu, ambayo vidole vyake vyote vinne vimeunganishwa kwa utando. Mbizi naye huzama hivyo hivyo, lakini mdomo wake umenyooka kama mkuki, naye humchoma samaki. Wa mnandi una ncha iliyopinda, naye humbana.

Wako wapendao kuongeza "mweusi". Hatuafiki: mnandi wa Ziwa Viktoria ana kifua cheupe. Afadhali itajwe desturi yake ya kutandaza mabawa juani, maana manyoya yake hulowa, jambo limsaidialo kuzama.

Twapendekeza: ndege wa majini mwenye shingo ndefu na mdomo wenye ncha iliyopinda, azamiaye kutoka juu ya maji na kufukuza samaki kwa kupiga miguu, kisha hukausha mabawa kwa kuyatandaza.