Gazeti lililosimama na miraba minne myeusi

Gazeti likilazwa mezani, upande mmoja tu ndio unaoonekana. Wa pili umelala bure. Likikunjwa mara moja kwa urefu wake na kusimamishwa, pande zote mbili zinafanya kazi, na karatasi ile iliyokuwa ikilegea mkononi inasimama yenyewe juu ya ukingo wake mwembamba kabisa. Jibu hilo ndilo lililosifiwa na Josef Albers katika shule ya Bauhaus mjini Dessau, Ujerumani, na mpaka leo sijaona zoezi la wabunifu wa grafiki lililopangwa kwa akili kuliko lile.

Aliyelisimulia ni Hannes Beckmann, mmoja wa wanafunzi waliokuwamo darasani. Albers aliingia na bunda la magazeti, akayagawa, akawataka wayageuze yawe kitu zaidi ya yalivyo, ila waiheshimu karatasi yenyewe na ikiwezekana wasitumie kisu, mkasi wala gundi. Kisha akaondoka zake. Aliporudi saa kadhaa baadaye alikuta mashua, ngome, ndege, vinyago na wanyama. Vyote akavikataa: hayo ni mambo ya chekechea, na vingi vingependeza zaidi kwa malighafi nyingine. Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyokunjwa tu, kazi ya kijana mmoja msanifu majengo kutoka Hungaria.

Tazama jinsi swali lilivyotegwa. Mwenye mashua alianza na mashua kichwani, akailazimisha karatasi imtii. Yule Mhungaria alianza na karatasi: ina uwezo gani ambao haijautumia? Mkunjo mmoja unaipa ugumu kwa sababu ileile inayofanya bati lenye migongo lisipinde kirahisi kama bati bapa. Na kunyimwa gundi hakukuwa ukatili wa mwalimu. Gundi huficha udhaifu wa wazo. Ukiwa nayo, chochote kitashikana na chochote, na hutalazimika kufikiri.

Albers alianza kufundisha kozi ya awali ya Bauhaus mwaka 1923. Shule ilipofungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi alihamia Marekani, akafundisha Black Mountain College na baadaye Yale, na namna yake ya kufundisha ikasambaa naye. Karatasi ilikuwa mwanzo tu. Mbinu yenyewe, yaani kumnyang'anya mwanafunzi kila kitu isipokuwa kitu kimoja, inahamishika popote.

Wachoraji wa mabango na nembo wanaijua zaidi kwa sura nyingine: zoezi la miraba myeusi, lililoenea kupitia kitabu ambacho Judith na Richard Wilde, walimu wa School of Visual Arts ya New York, walikitoa mwaka 1991. Mwanafunzi anapewa miraba minne myeusi na fremu nyeupe, kisha maneno sita ya kuyaonyesha bila kuandika chochote: mpangilio, ongezeko, ujasiri, msongamano, mvutano, mchezo. Walimu hutofautiana kuhusu kuruhusu miraba ipishane kwa ukubwa. Mimi napenda masharti makali: yote minne sawasawa, nyeusi tupu.

Kwa masharti hayo, neno "ongezeko" linamkwamisha karibu kila mtu. Mkono unataka kuchora mraba mdogo, wa kati, mkubwa, na umekatazwa. Njia iko kwenye ukingo wa fremu. Ipange miraba kwa safu ya kwenda chini, wa kwanza uchungulie upande wa kushoto kama utepe mwembamba, wa pili uingie hadi robo yake, wa tatu nusu, wa nne mzima. Hakuna kilichokua, lakini jicho linaona kukua, kwa kuwa linaikamilisha lenyewe sehemu iliyokatwa. Hapo mwanafunzi amegundua kwamba fremu nayo ni kifaa, ugunduzi ambao huenda asingeupata kwa mwaka mzima wa kuchezea programu ya kompyuta.

"Msongamano" una mtego wake. Wengi huibananisha miraba minne katikati hadi ishikane, wakapata mraba mmoja mkubwa uliotulia tuli. Huo ni ujasiri, wala si msongamano. Ili pabanane lazima pawepo mahali penye nafasi: irundike yote kwenye kona moja, ipandane, mmoja usukumwe nje ya fremu, na sehemu kubwa iliyobaki iachwe nyeupe kabisa. Weupe ndio unaosema kwamba wale wanne wamebanana.

Lakini neno lenye utajiri ni "mvutano". Chukua fremu ya sentimita 10 na miraba ya sentimita 2. Isimamishe miwili kwa pembe zake, ncha ikielekea ncha, halafu anza kuisogeza. Nafasi ikiwa sentimita 3, ni vitu viwili visivyojuana. Ikiwa milimita 1 au 2, mtazamaji anabana pumzi. Ncha zikigusana, mambo yamekwisha. Pamekuwa kiungo, na kiungo hutuliza. Michelangelo aliijua nafasi hiyo alipoviacha vidole vya Mungu na Adamu bila kugusana kwenye dari la Kanisa la Sistine. Thamani ya zoezi ni kwamba mwanafunzi anaisogeza karatasi kwa kidole mwenyewe, anapita ile milimita, anarudi, anapita tena.

Anayedhani haya ni mambo ya darasani tu na alitazame bango la Giselle alilolibuni Armin Hofmann mwaka 1959. Hofmann alifundisha mjini Basel, Uswisi, na kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1965 kinaanza na nukta. Kwenye bango hilo picha ya mchezaji wa baleti, nyeusi na nyeupe, imetiwa ukungu wa mwendo. Jina la onyesho limesimama wima pembeni yake, herufi nyeupe zisizotikisika. Mwili unazunguka, maandishi yametulia, na kila kimoja kinamfanya mwenzake aonekane zaidi. Rangi haikuhitajika.

Zoezi lenyewe limeanza kuchakaa, na hilo tuliseme. Majibu ya maneno yale sita yamejaa kwenye intaneti, na mwanafunzi mvivu huyanakili kabla chai haijapoa. Dawa ni rahisi: badilisha maneno. Wape "deni", "foleni", "wivu", "mgeni". Kwenye "foleni" wengi watapanga mstari, na huo ni mchoro wa foleni tu. Waulize kuchoka kwa foleni kuko wapi. "Deni" ni gumu zaidi. Jibu moja ninalolipenda linaweka miraba mitatu kwenye nafasi tatu za gridi ya mbili kwa mbili, na wa nne, uliopaswa kukaa kwenye nafasi ya mwisho, uko ukingoni umebakiza kipande kidogo ndani ya fremu. Tundu jeupe lililobaki ndilo linalodai.

Kinachobaki ni namna ya kusahihisha, na hapa ndipo madarasa mengi yanapoharibu. Alama zikitolewa kwa kazi iliyopendeza, wanafunzi watarudi kutengeneza mashua za Albers. Afadhali kazi zibandikwe ukutani bila majina wala maneno, aitwe mtu asiye wa darasa, mlinzi wa getini au mhasibu, aulizwe kila fremu inasema nini. Akijibu "mvutano" mahali palipokusudiwa mvutano, vema. Akisita kati ya mvutano na msongamano, mwenye kazi aichukue, arudi mezani, akasogeze miraba.