Kimepimwa, Lakini Je, Ni Salama? Uhakiki wa Istilahi za Maada Tiba

Miongoni mwa matini zinazowasumbua wafasiri wetu ni zile zinazohusu upimaji wa maada tiba ziuazo vijidudu, mathalani vitambaa vya kufungia vidonda vilivyotiwa madini ya fedha, au mipira ya kutolea mkojo iliyopakwa dawa. Swali la maabara ni jepesi kulitamka: kile kinachoua bakteria, je, kitaziacha hai seli za mgonjwa? Wala si swali geni. Mwaka 1919 Alexander Fleming, aliyekuwa amewahudumia majeruhi wa vita nchini Ufaransa, alionyesha kuwa dawa kali za kuoshea vidonda ziliangamiza chembe nyeupe za damu huku bakteria waliojificha ndani ya jeraha wakisalia.

Tafsiri moja iliyotufikia inasema: "Kitambaa hiki kimepimwa, nacho ni salama kwa binadamu." Matini ya asili haikusema hivyo. Ilisema kuwa kitambaa hakikuonekana kuwa sumu kwa seli katika upimaji wa nje ya mwili. Mfasiri ameruka hatua tatu kwa mpigo. Kwanza, seli zinazotumika sana katika upimaji huo, zijulikanazo kama L929, ni za panya. Pili, seli zilizooteshwa katika kisahani si mwili wenye damu, ini na figo. Tatu, kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-5, toleo la 2009, huhesabu kuwa kuna sumu pale uhai wa seli unapopungua kwa zaidi ya 30%. Pungufu ya hapo kitu hufaulu, lakini kufaulu si kutodhuru hata kidogo. Muuguzi atakayesoma neno "salama" hatayajua hayo, na mgonjwa anayeombwa ridhaa yake hatayajua kabisa. Hapa ndipo tunapoona kosa la istilahi linageuka kuwa kosa la haki.

Neno gani basi? Wako wanaopendekeza "utangamano". Hatuliafiki, kwa sababu vitu vilivyotangamana huelekea kuwa kimoja, na kitambaa cha kidonda sharti kibanduliwe. "Upatanifu" ni bora zaidi: wawili wapatanao kila mmoja hubaki alivyo, tena hupatana juu ya jambo maalumu. Sifa hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, kwani wataalamu, tangu ufafanuzi uliotolewa na David Williams mwaka 1987, wanashikilia kuwa maada huhukumiwa kwa jinsi mwili unavyoipokea katika matumizi mahususi. Kinachofaa juu ya ngozi kwa siku tatu huenda kisifae ndani ya mfupa kwa miaka ishirini. Kwa hiyo tusiandike "ni patanifu" tukanyamaza. Tuandike ni patanifu na nini, na kwa kazi gani.

Kuhusu "kiuavijasumu", neno hili limekwisha kuzoeleka kwa dawa kama penisilini, na fedha haimo katika kundi hilo. Tena lina kichekesho chake: tukisema kiuavijasumu fulani ni sumu kwa seli, msomaji atauliza nani hasa mwenye sumu. "Kiuavijidudu" lapendeza zaidi, maana linawachukua na kuvu, ingawa kwa maada ambazo hudumaza tu vijidudu bila ya kuviua itabidi kusema "kizuiavijidudu".

Limebaki neno la kazi yenyewe. Maabara inapoanza na maada mia na kubakiza tano, huo ni mchujo, neno ambalo kila mpenzi wa kandanda analijua. Inapopima moja kwa kina, huo ni upimaji. "Uchunguzi" tuwaachie madaktari, ambao tayari wanauchunguza ugonjwa, mgonjwa na maiti kwa neno hilo hilo moja.