Ukweli Ulioachwa Nje ya Hadithi: Tafakuri juu ya Filamu ya "Black Panther"

Utangulizi

Si desturi ya kurasa hizi kuchambua filamu, na yamkini wapo wasomaji watakaoshangaa kuona nafasi ya theolojia ikitumika kwa habari za shujaa aliyebuniwa katika vitabu vya katuni vya Marekani. Hata hivyo mchungaji hana budi kuyajua yale yanayojadiliwa na vijana wake baada ya ibada. Katika sharika za Same, na vilevile kule milimani Mbaga na Gonja, tumewasikia vijana wakibishana juu ya filamu hii kwa bidii ambayo tungetamani kuiona katika mafundisho ya Kipaimara. Wengi wao hawakuiona katika jumba la sinema. Waliiona katika kibanda cha video, kwa jirani mwenye televisheni, au katika simu ya mkononi. Walichobishania zaidi hakikuwa mapigano, bali namna hadithi ilivyosimuliwa: kwa nini ianzie pale ilipoanzia, kwa nini jambo zito lifichwe hadi katikati, na kwa nini mwenye malalamiko ya haki afanywe kuwa adui. Maswali hayo ni ya fasihi. Tunakusudia kuonyesha kwamba ni ya theolojia pia.

Filamu na hadithi yake

Filamu ya Black Panther ilitoka mwezi Februari 2018, ikiongozwa na Ryan Coogler. Shujaa wake alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Afrika Mashariki ilikuwa na sababu ya kuipokea kama ya kwake, maana Lupita Nyong'o wa Kenya ni mmoja wa waigizaji wakuu, na mji wa Kisumu ulikuwa na onyesho lake la uzinduzi mwezi huo huo. Mwaka 2019 ilipata tuzo tatu za Oscar. Chadwick Boseman, aliyeigiza kama mfalme T'Challa, alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 43, na tangu hapo wengi huitazama filamu hii kwa huzuni isiyokuwamo ilipotoka.

Wakanda ni nchi ya kubuni iliyo Afrika, yenye madini ya ajabu yaitwayo vibraniamu. Makabila manne yaliungana chini ya mfalme mmoja, na kabila la tano, Wajabari, likakataa na kukaa milimani. Nchi hiyo inauficha utajiri wake na kujifanya maskini. T'Challa anarithi kiti cha baba yake T'Chaka, kisha anagundua kwamba mwaka 1992, huko Oakland, Marekani, baba yake alimuua ndugu yake mwenyewe, N'Jobu, na kumwacha huko mtoto wa marehemu. Mtoto huyo, Erik, aitwaye Killmonger, anarudi akiwa mtu mzima kudai kiti cha enzi. Kwa hiyo filamu hii ni hadithi ya asili kwa maana mbili: inaeleza jinsi mfalme alivyopata kuwa mfalme, na inaeleza jinsi taifa lilivyopata kuwa taifa.

Hoja za watazamaji

Hoja ya kwanza inahusu mwanzo. Filamu inafunguliwa kwa sauti ya mtoto akimwomba baba yake amsimulie habari za nyumbani. Katika utazamaji wa kwanza wengi hudhani kwamba mtoto ni T'Challa na baba ni T'Chaka. Hadithi ikiisha kusikilizwa yote, inaeleweka kwamba baba ni N'Jobu na mtoto ni Erik. Wapo wanaosema kwamba huku ni kumhadaa mtazamaji. Sisi tunaona kwamba huu ni uamuzi bora kupita mwingine wowote katika filamu hii. Habari za asili ya Wakanda hatuzipati kutoka kwa aliyeketi kwenye kiti, bali kutoka kwa yule ambaye mwanawe atakatazwa kufika huko. Mtazamaji anaipenda Wakanda kwa masikio ya mtoto aliyetupwa kabla hajajua kwamba ametupwa.

Hoja ya pili ni kali zaidi. Erik anadai kwamba Wakanda ilikuwa na uwezo wa kuwasaidia watu weusi waliouzwa na kuonewa duniani kote, nayo ikanyamaza. Dai hilo ni la haki. Lakini msimulizi anamtwika pia mauaji mengi, hata ya mwanamke aliyekuwa mwenzi wake, na kumfanya aamuru bustani ya mmea mtakatifu ichomwe moto. Vijana wengi wanalalamika kwamba hila hii ni ya kutufanya tumchukie mtu ili tusilazimike kulijibu dai lake. Wengine wanajibu kwamba maumivu hayamtakasi mtu, na kwamba aliyeonewa aweza kuwa mwonevu. Pande zote mbili zimesema kweli. Tunalotaka kuuliza ni hili: je, hadithi inalijibu dai hata baada ya mdai kushindwa?

Chuma na wafalme katika Upare

Kabla ya kujibu, turudi nyumbani. Habari za madini ya ajabu na wafalme waliotawala kwayo si ngeni kwa mzaliwa wa Milima ya Upare. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, alikusanya masimulizi ya wazee wa koo mbalimbali. Kwa masimulizi hayo, utawala wa Ugweno ulikuwa kwanza mikononi mwa Washana, ukoo wa wahunzi wa chuma. Kisha Wasuya wakawapindua, na Mranga mwana wa Angovi akaiweka nchi katika utaratibu mpya ambao watawala wa baadaye waliuhesabu kuwa mwanzo wao.

Tuangalie kilichompasa mwanahistoria. Kama angeusikiliza ukoo uliotawala peke yake, angepata habari za Mranga mwenye hekima na utaratibu wake, na asili ya Ugweno ingeanza na ushindi. Ilimpasa awasikilize na wale ambao babu zao walishindwa, ndipo ikaonekana kwamba kabla ya mwanzo ule palikuwa na mwanzo mwingine. Kila kiti cha enzi kina hadithi yake ya asili, na kila hadithi ya asili ina mlango ambao msimulizi angependa ubaki umefungwa. Kijana wa Same anayeuliza kwa nini filamu imeficha habari za Oakland hadi katikati anauliza swali lile lile ambalo mwanahistoria huwauliza wazee.

Daudi wa Samweli na Daudi wa Mambo ya Nyakati

T'Challa anapomuuliba kuhani Zuri habari za mwaka 1992, na baadaye anapomkabili marehemu baba yake, anaambiwa kwamba mtoto yule alikuwa ukweli ambao mfalme aliamua kuuacha nje. Hapo ndipo mwanafunzi wa Agano la Kale anapopaswa kuketi wima. Maana na sisi tunazo hadithi mbili za mfalme mmoja. Katika 2 Samweli 11 na 12, majeshi yanakwenda kuuzingira mji wa Raba, Daudi anabaki Yerusalemu, naye anamtwaa mke wa Uria na kumwua Uria kwa upanga wa wengine. Katika 1 Mambo ya Nyakati 20, majeshi yanakwenda Raba, Daudi anabaki Yerusalemu, na mji unatekwa. Bathsheba hayumo, Uria hatajwi kufa, Nathani haji. Mwandishi alikuwa na sababu zake. Aliandika kwa ajili ya watu waliorudi kutoka uhamishoni, waliohitaji kuujenga upya utumishi wa hekalu, naye akamchora Daudi kama mwasisi wa ibada hiyo. Hatumshtaki. Lakini tunaona kwamba hata ndani ya Maandiko ukweli fulani uliachwa nje ya hadithi moja, ukahifadhiwa katika nyingine.

Mathayo alipoandika asili ya Yesu Kristo alikuwa na hadithi zote mbili mbele yake, naye akachagua. Katika sura ya kwanza, mstari wa 6, anamtaja mama wa Sulemani si kwa jina lake, bali kama mke wa Uria. Katika orodha ya heshima ya Masihi limewekwa jina la mtu aliyeuawa ili orodha hiyo iendelee. Wametajwa pia Tamari na Rahabu. Hii ni hadithi ya asili isiyofanana na za wafalme wa dunia: dhambi haikufichwa mpaka mpinzani aje kuifichua, bali imewekwa mlangoni, na kila aingiaye katika Agano Jipya anapita juu yake. Mwokozi hakuzaliwa katika ukoo uliosafishwa. Alizaliwa katika ukoo unaohitaji kusafishwa.

Mababu waliokosea

Baadhi ya watumishi wenzetu wanaikataa filamu hii kwa sababu ya sehemu ambapo mfalme, akiisha kunywa dawa ya mmea ule, anakutana na mababu. Wasiwasi wao tunauelewa. Katika milima yetu bado watu wanayakumbuka mapungi, misitu mitakatifu ya koo palipohifadhiwa mafuvu ya mababu, na mmisionari Jakob Dannholz, aliyekaa Mbaga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, aliandika kwa kirefu juu ya hofu ya mizimu. Mchungaji anayehofia kwamba filamu itaipamba hofu hiyo kwa rangi nzuri hajakosea kuwa macho.

Lakini tuitazame vizuri. Mara ya kwanza T'Challa anapiga magoti mbele ya baba yake na kuambiwa asimame. Mara ya pili anasimama mwenyewe na kuwaambia mababu wote kwamba walikosea. Katika tambiko mzee aliyekufa huombwa, hutulizwa, hulishwa. Haambiwi kwamba alitenda dhambi. Kwa hiyo sehemu hii, ingawa si ya Kikristo, inavunja kiini chenyewe cha hofu ya mizimu. Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama, wala haituagizi kuwahesabia haki. Anayejua kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema tu anaweza kumpenda babu yake na kumtaja kuwa mwenye dhambi kwa pumzi moja, maana hivyo ndivyo anavyojitaja mwenyewe. Anayehitaji babu asiye na doa ili yeye awe na heshima, huyo bado yu chini ya sheria.

Upungufu wa toba ya mfalme

Hapa tunafikia swali tuliloliacha. T'Challa anaungama kosa la nyumba yake, lakini anaungama mbele ya wafu. Aliyekosewa yu hai, ameketi kwenye kiti cha enzi, naye ni binamu yake. Katika filamu nzima hatumsikii mfalme akimwomba msamaha. Anapigana naye, anamchoma, kisha anampeleka kutazama machweo na kumwambia huenda akaponywa. Erik anakataa, anaomba azikwe baharini pamoja na wale walioruka kutoka katika meli za watumwa, naye anakufa. Kisha mfalme ananunua majengo ya Oakland, likiwamo lile alimofia N'Jobu, ili pawe mahali pa kuwasaidia watoto wa mtaa ule.

Tendo hilo ni jema, nasi hatulidharau. Zakayo naye alirudisha mali. Lakini Zakayo aliwarudishia wale aliowanyang'anya. Filamu inatupatia malipo baada ya mdai kuzikwa, na hapo vijana wetu wanaolalamika wana haki kuliko wanavyojua. Kosa la msimulizi si kumfanya Erik kuwa mwovu. Kosa lake ni kumpa mfalme toba isiyomgharimu aibu ya kusimama mbele ya mtu aliye hai na kusema, tumekukosea. Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alisema kwamba mtheolojia wa utukufu huliita baya jema na jema baya, bali mtheolojia wa msalaba hukiita kitu kama kilivyo. Filamu inakaribia sana kukiita kitu kama kilivyo, kisha inageukia utukufu.

Hitimisho

Tunaandika haya kwa sababu sharika zetu nazo ni wasimulizi wa asili. Kila jubilei ina kijitabu chake: mmisionari aliyepanda mlima, mwinjilisti wa kwanza, kengele, kanisa la mawe. Ni mara chache kijitabu hicho kinataja waliotengwa pasipo haki, wanawake walioachwa mume alipotakiwa kubaki na mke mmoja ili abatizwe, na watoto wao. Au ukoo ambao eneo lake lilijengwa pasipo kuulizwa vizuri. Baadhi ya watu hao bado wapo, nao hukaa viti vya nyuma. Wakija kutusomea hadithi yao kwa hasira, tusishangae, wala tusiitumie hasira yao kama sababu ya kutosikiliza.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wetu mambo mawili. Kwanza, msiwanyamazishe vijana wanapobishana juu ya filamu. Someni nao 2 Samweli 11 na 1 Mambo ya Nyakati 20 kwa pamoja, na muwaulize ni nani aliyeachwa nje. Pili, mtakapoitwa kuandika historia ya usharika, nendeni kwanza kwa yule ambaye wazee watasema hana la kuongeza. Mkaandike jina lake kama Mathayo alivyoliandika la Uria, na kama yu hai, mwombeni radhi kabla kijitabu hakijakwenda kwa mpiga chapa.