Leaf mbili, barabara moja: tofauti huanzia kilomita 50 kwa saa

Mkazi wa Tiwi anayeagiza Nissan Leaf ya kizazi cha pili kutoka Japani hukutana na swali la bei: achukue yenye betri ya kilowati-saa 40 na mota ya kilowati 110, au aongeze pesa apate e+, yenye betri ya 62 na mota ya kilowati 160? Kiwandani, ya kwanza imepewa sekunde 7.9 kufika kilomita 100 kwa saa, na e+ takriban 7. Wengi huamini basi kwamba e+ ni kali kila mahali. Barabara yetu ya Likoni hadi Lunga Lunga haikubali.

Gari la umeme linapong'oka husukumwa na msokoto wa mota. Ile ya 40 ina msokoto wa Nm 320, e+ ina 340. Lakini betri kubwa imeiongezea e+ takriban kilo 150, ikafika karibu 1,670. Ukigawanya msokoto kwa uzito, gari la bei nafuu linapata kidogo zaidi kwa kila kilo. Kwa hiyo kutoka tuta hadi tuta, pale Waa au Tiwi penyewe, e+ haimwachi mwenziwe.

Mambo hubadilika karibu na kilomita 48 kwa saa. Hapo mota ndogo inakuwa imeshatoa kilowati zake zote 110, na kuanzia hapo kadiri mwendo unavyopanda ndivyo msokoto unavyoshuka. Mota ya e+ huendelea kusukuma kwa nguvu hadi karibu na 60. Chukua dereva aliyekwama nyuma ya trekta la miwa upande wa Ramisi: akitoka 60 hadi 100, hesabu ya nguvu na uzito inampa mwenye e+ nafuu ya karibu sekunde moja. Kwa mwendo huo, sekunde moja ni zaidi ya mita 20 za kubaki upande wa magari yanayokuja. Hiyo si anasa, ni usalama. Mlima wa Kombani kwenda Kwale kupitia Golini nao huonyesha tofauti hiyohiyo, ukiwa umepakia abiria na unakwenda kasi.

Kwenye kona, magari yote mawili yametulia, maana betri iko chini ya sakafu. Uzito wa e+ utausikia zaidi ukishuka njia ya vumbi na matumbawe kuelekea ufukweni, gari linapoingia shimoni. Kwa ile ya 40, toleo la G huja na rimu za inchi 17, S na X inchi 16, lakini ukuta wa tairi unapishana kwa milimita 5 hivi tu. Usilipie G kwa ajili ya rimu. La muhimu zaidi ni kwamba Leaf haiji na tairi la akiba, bali dawa ya kuzibia pancha, ambayo haisaidii tairi likichanwa ubavuni.

Kama safari zako ni Likoni, Ukunda na nyumbani, chukua ya 40, na sehemu ya pesa iliyobaki ununue tairi la akiba. Kama kila wiki unakwenda Lunga Lunga, e+ inastahili bei yake. Kwa vyovyote, betri ya Leaf ya kizazi hiki haipozwi kwa maji, na joto la pwani huichosha. Kabla ya kulipa, dai picha ya dashibodi inayoonyesha mistari yote 12 ya afya ya betri.