Miwani Isiyobisha Hodi

Miwani tunaijua tangu zamani. Mzee huivaa apate kusoma, mwalimu huivaa apate kuona mwisho wa darasa, na kijana huivaa siku ya arusi hata kama macho yake ni mazima. Sasa imetoka miwani ya namna nyingine, nayo yafaa tuipime kabla haijazoeleka hapa Nyalukemba. Kwa nje ni Ray-Ban, miwani ile ile ya jua tunayoiona kila siku. Lakini ndani yake mna kamera, vinasa sauti, betri, na mashine inayosemezana na simu ya mwenyewe. Akigusa kitufe kilicho karibu na sikio, au akitamka neno tu, yaliyo mbele ya uso wake yanaingia katika picha. Kampuni ya Meta, ndiyo yenye Facebook na WhatsApp, ilianza kuiuza mwaka 2023 kwa dola 299.

Tuipe haki yake kwanza. Mtu asiyeona aweza kupata faida kubwa. Mwaka 2024 Meta ilitangaza kuiunganisha na Be My Eyes, programu iliyozaliwa Denmark: kipofu humwita msaidizi aliye mbali, na yule humwambia kilicho mbele yake, kama ni mlango, ngazi, au maandishi ya chupa ya dawa. Kadhalika fundi mwenye mikono ya mafuta, na mama aliyebeba mtoto, wote waweza kupokea simu bila kushika kitu. Hayo si ya kuchekwa. Ila mashine yenyewe ina masikio ya kuchagua. Tafsiri yake ya papo hapo ilipofunguliwa kwa wengi mwaka 2025, ilijua Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakikuwamo, na Kimashi usiulize. Ndiyo kusema mtu wa Muhumba ingempasa aseme na miwani yake kwa Kifaransa, kama karani mbele ya mkubwa wa ofisi.

Lakini hayo yote ni upande wa mvaaji. Wanaoisifu miwani hii husimama upande huo tu, nami naona kosa lao liko hapo. Mvaaji ni mmoja. Wanaotazamwa ni njia nzima, kutoka Muhumba hadi Nyawera.

Kwetu mtu akifika nyumbani hubisha hodi, kisha husimama. Anangoja karibu. Asipoitikiwa hurudi zake, wala hakuna anayemwona mjinga. Mpiga picha wa zamani alikuwa na hodi yake pia: kamera kubwa, miguu mitatu, kitambaa cheusi. Watu waliiona toka mbali, wakafunga vifungo, wakawaita watoto, au wakaondoka. Hata simu ya leo, mtu akiinyanyua mbele ya uso wako, unajua.

Watengenezaji wanasema miwani nayo ina hodi, maana taa ndogo nyeupe huwaka penye pembe ya kioo wakati wa kupiga picha. Haya, tuseme jua la saa sita liko juu ya ziwa, na mama wa sokoni anahesabu franka zake. Nani amemwambia maana ya taa hiyo? Tena taa haingoji jibu. Na katika Oktoba 2025 waandishi wa 404 Media, huko Marekani, walieleza habari za mtu aliyekuwa akiizima taa hiyo kwa malipo ya dola 60, miwani ikabaki ikipiga picha kama kawaida.

Tukumbuke pia miwani iliyotangulia. Google ilitoa yake mwaka 2013, kwa dola 1,500. Ilikuwa na umbo la ajabu, kila mtu aliitambua, na watu wengi waliikataa; baa nyingine za Marekani zilipiga marufuku kuingia nayo. Januari 2015 haikuuzwa tena kwa watu wa kawaida. Watu walikuwa wamesema hapana. Dawa iliyopatikana kwa hapana hiyo ni ipi? Ni kuificha kamera ndani ya miwani isiyomshtua mtu. Hilo silo jibu la mtu aliyesikia.

Na picha zinakwenda wapi? Mwanzoni mwa mwaka 2026 magazeti mawili ya Sweden, Svenska Dagbladet na Göteborgs-Posten, yalifuata njia yake mpaka Nairobi. Mashine haijifundishi yenyewe. Lazima watu wakae mbele ya kioo, waiambie hiki ni kiti, huyu ni mtu. Wafanyakazi wa kampuni ya Sama walieleza kwamba katika kazi hiyo walionyeshwa watu wakiwa chooni, watu wakivua nguo, na kadi za benki. Vijana wa Afrika Mashariki, wasemaji wa Kiswahili kama sisi, walilipwa watazame vyumba vya watu ambao hawakujua kama wanatazamwa. Aibu hiyo ni ya nani? Si ya kijana anayetafuta posho.

Hapa Bukavu jambo linazidi aibu. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard walionyesha kwamba picha za miwani hii, zikipitishwa katika mashine za kutafuta nyuso, zaweza kutoa jina na makao ya mpita njia asiyejulikana. Walifanya hivyo ili kuonya, nao hawakuitoa programu yao kwa watu. Basi fikiria mji wetu, uliotekwa na AFC/M23 katika Februari 2025, mji ambao watu wake wamejifunza tangu 1996 kwamba kujulikana ulikuwa wapi, na nani, kwaweza kukuponza. Fikiria mama aliyetibiwa Panzi, katika hospitali aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999. Mwandishi mwema akimsikiliza humficha uso na jina. Miwani inayopita ukumbini haifichi chochote.

Kongo ina sheria ya mambo ya dijiti ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za mtu binafsi. Ni sheria nzuri. Lakini Kinshasa ni mbali, na leo ni mbali kuliko jana. Kwa hiyo wa kusema ni wenye milango: mkubwa wa zahanati, mwalimu, mwenye duka, kiongozi wa kwaya. Mgeni aambiwe aivue kabla hajaingia. Atajibu kwamba vioo vyake ni vya daktari na bila hivyo haoni, na pengine atasema kweli, maana miwani hii huuzwa na vioo vya namna hiyo pia. Basi awe na miwani ya pili mfukoni, ya vioo vitupu.